Wagombea Watatu Mbele ya Pazia Moja

Habari za kifo chake zilinikuta Al-Dirah, hapa Riyadh, nimesimama mikono juu huku fundi akinipima kanzu ya Idi na kulinung'unikia tumbo langu. Simu ikalia. Alikuwa mwanawe wa kiume, yule anayeishi naye Jeddah. "Mama ametutoka," akasema. "Tunamzika baada ya Alasiri." Nikamwambia fundi aache kupima, nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki, nikalia mbele ya watu wasionijua. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua mimi si mtu wa machozi, na marehemu mwenyewe angenicheka. Kilichonikausha ni kitu kingine. Kabla jua halijatua, rambirambi tatu zilikuwa zimekwisha tapakaa mitandaoni, kutoka kwa waheshimiwa watatu wanaowania tiketi ya urais ya chama kimoja kule nyumbani, kile kinachojiita chama cha maadili. Wa kwanza alimwita marehemu "mama yangu wa Jeddah." Wa pili, asikubali kupitwa, akamwita "mama yangu wa kiroho." Wa tatu aliona amechelewa, akaweka picha yake mwenyewe akila biriani ya marehemu, mdomo umejaa. Hivyo ndivyo bibi wa watu alivyokufa na kuachiwa wana watatu ambao hakuwahi kuwaomba kwa Mungu.

Nami nawajua hao wana, na ninajua walivyozaliwa, kwa sababu nilikuwepo. Lakini kwanza niseme mama mwenyewe alikuwa nani. Wazazi wake walihama Unguja baada ya mapinduzi, yeye akiwa mtoto wa kubebwa, wakatua Jeddah na hawakurudi. Nilimfahamu nilipokuwa karani katika ofisi moja ya uwakala wa mizigo Bandari ya Jeddah, kabla sijahamia Riyadh na kabla safu hii haijanizeesha. Mumewe alikuwa akiingiza vitambaa, na makaratasi yake yalipitia mezani kwangu. Siku moja akanialika nyumbani kwao, karibu na Balad, mji mkongwe wa Jeddah. Mume alinikaribisha mchana ule mmoja. Mke alinikaribisha kwa miaka yote iliyofuata, hata baada ya mume kufariki. Alikuwa mhafidhina kuliko wagombea wote watatu ukiwachanganya pamoja. Alifunga Jumatatu na Alhamisi, hakusikiliza muziki isipokuwa taarabu za zamani, ambazo alidai si muziki bali ni kumbukumbu, na kila wiki alimwita mjukuu wake amsomee safu hii kwenye simu ili apate la kunigombeza. "Wewe mwanangu," aliniambia, "unataka kila mtu afanye alitakalo. Haya, mimi nataka ule. Kaa kitako."

Sasa nirudi kwa waheshimiwa. Msimu uliopita wa uteuzi, chama cha maadili kilikuwa na wagombea hawahawa watatu: waziri wa zamani, mfanyabiashara, na mchungaji mwenye kanisa kubwa. Kisera hukuweza kuwatofautisha, labda kwa manukato. Waziri wa zamani aliahidi kupiga marufuku nguo fupi. Mfanyabiashara akaahidi kupiga marufuku nguo fupi na nyimbo za vijana. Mchungaji akasimama akaahidi kupiga marufuku hayo yote pamoja na yale ambayo wenzake waliyasahau. Mimi niliandika wakati ule, na sijabadili mawazo, kwamba mtu anayetaka urais ili apime urefu wa sketi amekosea ofisi. Hiyo kazi anaiweza fundi wangu wa Al-Dirah, tena bila walinzi.

Na kwa kuwa kura za pwani zina uzito wake, kuna desturi imezuka miongoni mwa wagombea wetu, wanaiita ziara ya kiroho. Uteuzi ukikaribia, kila mmoja anakuja huku kufanya umra, na nyuma yake yuko mpiga picha. Mwenyezi Mungu, anayejua yaliyomo nyoyoni, hamhitaji huyo mpiga picha, lakini nauli yake huwa haikosi. Waziri wa zamani alikuja, akapigwa picha kwenye ihramu. Mfanyabiashara akaja, akapigwa picha kwenye ihramu nzuri zaidi. Mchungaji alikuwa na tatizo, maana Mkristo haingii Makka. Mwingine angebaki nyumbani. Yeye alikuja hivyohivyo, akafikia Jeddah, akavaa kanzu na kofia, akapigwa picha ufukweni akitazama mbali kwa huzuni kama mtu aliyeachwa na ndege. Chini yake akaandika kwamba amesogea karibu kadiri alivyoruhusiwa. Marehemu alipoonyeshwa picha ile alicheka mpaka akaomba maji.

Kabla ya kwenda Jeddah walipitia Riyadh, wakatuhutubia sisi wana-ughaibuni katika ukumbi wa hoteli. Waziri wa zamani alisema akiwa rais hakuna binti yetu atakayekanyaga tena Uarabuni kuosha vyombo vya watu, kwa sababu heshima ya taifa ni heshima ya binti. Wanaume tuliokuwa ukumbini tukapiga makofi, wengine kwa kuamini na wengine kwa sababu chakula kilikuwa bado hakijaletwa. Wanawake, ambao karibu wote ni wafanyakazi wa majumbani na walikuwa wameomba ruhusa kwa madam zao ili waje kusikia jambo la maana, hawakupiga. Mmoja akasimama akauliza, "Mheshimiwa, ukishatukataza kuja huku, hiyo kazi ya huko nyumbani iko wapi? Mimi niko na watoto wawili shule." Akajibiwa kwamba maadili ndiyo yanatangulia, ajira zitafuata. Yule mama akakaa, akaniegemea, akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu hajawahi kulipa karo." Hapo ndipo ninapogombana na hawa mabwana wa maadili. Wanaipenda sana heshima ya binti, ila binti mwenyewe akifungua mdomo wanaona anawapotezea muda.

Huko Jeddah, wakati huohuo, kulikuwa na binti mmoja amejificha nyumbani kwa marehemu. Alikuwa Mkristo, mtu wa bara, na alifanya kazi katika nyumba moja ya hapa Riyadh. Mkataba wake ulikwisha siku nyingi, lakini kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, alikataa kumpa huruji, yaani ile ruhusa ya kutoka nchini, na kila akiuliza aliambiwa kesho. Nyumbani mama yake mzazi alikuwa amelazwa, na kila walipoongea kwa simu sauti ya mama ilikuwa imepungua. Familia ya kafili ilipokwenda Jeddah likizo, binti akachukuliwa Balad kubeba mizigo ya madam. Kwenye msongamano wa soko akasikia bibi mmoja aliyefunikwa gubigubi akigombana na mchukuzi, na anapokasirika anachanganya Kiarabu na Kiswahili cha Unguja. Binti akaweka mifuko chini, akamshika bibi yule mkono, akamwambia, "Mama, nisaidie." Hakuulizwa jina wala dini. Aliulizwa kama amekula.

Kafili alimripoti kuwa ametoroka, na kumhifadhi mtu wa namna hiyo ni kosa hapa, faini na hata jela. Mwana wa marehemu alimwambia wazi, "Mama, tutafungwa." Naye akamjibu, "Nikifungwa mtaniletea chakula. Nimewapikia maisha yangu yote." Tatizo lilikuwa kumtoa. Ofisi ya serikali yetu inayohusika, iliyoko Riyadh, ilitakiwa kumwandikia hati ya safari na kumwombea ruhusa kwa serikali ya wenyeji. Kila binti alipopiga simu aliambiwa faili lake linashughulikiwa. Na kila siku iliyopita mama yake alikuwa kitandani.

Ndipo watu wa kampeni wakaja kumwomba marehemu awapokee wagombea, mmoja mmoja, kila mtu kwa siku yake, maana nyumba yake ilijulikana kwa familia zote za Waswahili wa Jeddah, na biriani yake ingetoka vizuri kwenye picha. Sharti lao lilikuwa moja, nalo lililetwa na watu waliotangulizwa na waziri wa zamani: wanawake wakae kando, nyuma ya pazia, kwa heshima ya mheshimiwa. Marehemu alikaribia kuwatimua. "Mimi huyu? Mimi ndiye wa kufunzwa sitara, tena nyumbani kwangu?" Kisha akacheka kicheko ambacho sikukielewa siku ile. "Waambie waje," akaniambia mimi, niliyekuwa nimewafuata wagombea Jeddah kwa ajili ya safu hii. "Pazia watapata." Akakitoa kabatini kitambaa cha mahameli kilichobaki dukani kwa mumewe, kizito kama cha ikulu, akaikata sebule yote katikati.

Waziri wa zamani akaja wa kwanza, na msaidizi wake akiwa ameshika simu juu, anarusha matangazo moja kwa moja mtandaoni. Akaanza kutaka kuhutubia. "Kula kwanza, mheshimiwa," ikatoka sauti ya marehemu nyuma ya pazia. "Maneno yapo." Kwake hakuna mtu aliyezungumza la maana kabla hajala, na hakuna aliyekula kidogo. Zikaja sambusa, ikaja biriani, ikaja mikate ya ufuta, ikaja halua na kahawa. Mtu aliyeshiba vile hainuki haraka, na hilo nalo alilijua. Mheshimiwa alipomaliza akasifu mabinti zetu na heshima yao. Pazia likamjibu. "Mheshimiwa, hao mabinti unaongea, mimi ni mmoja wao. Niko hapa tu. Mkataba wangu uliisha kitambo, kafili amekataa kunipa huruji, ofisi yetu inaniambia ningoje. Mathe ni mgonjwa sana. Sasa wewe unanisaidia aje?"

Laiti mngeuona uso wake. Kule hotelini angemnong'oneza mlinzi, na binti angetolewa nje kwa upole. Lakini huyu alikuwa nyuma ya pazia ambalo mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyelidai. Mwanamume wa maadili hafunui pazia la wanawake, wala walinzi wake hawapiti. Kuzima matangazo nako hakukuwezekana, kwa sababu majikoni kote Riyadh na Jeddah wafanyakazi walikuwa wanasikiliza huku wakiosha vyombo, na mioyo midogo ilikuwa inapanda kwenye kioo cha simu kama povu la sabuni. Na kafili, hata angeoneshwa, asingeona uso wa mtu. Hapo nikakielewa kile kicheko. Mheshimiwa akajikohoza, akasema, "Tutalifuatilia."

Kesho yake akaja mfanyabiashara. Akala. Akashiba. Sauti ya marehemu ikatoka taratibu kabisa. "Kuna binti hapa kakwama. Mwenzio jana kasema atalifuatilia."

"Amesema lini?"

"Jana. Kwenye kiti hichohicho. Watu kadha wa kadha wamemsikia."

Mfanyabiashara akaweka kikombe chini. "Mama, mimi si mtu wa kufuatilia. Mimi ni mtu wa kutenda. Kesho asubuhi nampigia mkubwa wa ofisi ile, mimi mwenyewe!" Kisha akaondoka kwenda Makka, na nadhani alipiga kweli, maana mtu wake aliweka mtandaoni picha yake akiwa na simu sikioni.

Alipotoka nilimuuliza marehemu haoni haya kuwagombanisha wageni wake. "Nimesema uongo?" akaniuliza. Nikasema hapana. "Nimeongeza hata neno moja?" Nikasema hapana. "Basi nyamaza, lete sahani hizo."

Wa mwisho alikuwa mchungaji, yule wa ufukweni. Marehemu akamngoja ashibe. "Bwana mchungaji, wenzio wawili wameshapita. Mmoja kasema atalifuatilia, mmoja kasema atapiga simu. Lakini wao wana umra yao, hawana nafasi. Wewe, nasikia, huna pa kwenda." Mchungaji akataka kwanza amwombee binti. Akaomba kwa sauti kubwa, kwa kirefu, mkono wake umenyooshwa kuelekea mahameli. Binti akasema, "Amina, Pastor. Sasa ile karatasi?"

Nimemcheka sana mchungaji huyu katika safu hii, na nitaendelea, kwa sababu sera zake ni za hovyo. Lakini haki yake nimpe. Wenzake wakiwa Makka, alipanda ndege akaja Riyadh, akaingia ile ofisi, akakaa kwenye viti vya wageni na Biblia yake mapajani, akakataa kutoka. Afisa wa pale, ambaye baadaye alinisimulia kwa sharti nisimtaje, alikuwa ameshapigiwa simu na mfanyabiashara. Watu wa waziri wa zamani nao, walipoona matangazo ya wenzao, wakaanza kufuatilia kwelikweli. "Ndugu yangu," aliniambia, "mmoja wa hawa watatu angeweza kuwa bosi wangu, na sikujua ni yupi. Ningefanyaje?" Akafanya kazi yake. Faili lililokuwa linashughulikiwa likashughulikiwa. Hati ikaandikwa, wenyeji wakaombwa, ruhusa ikatoka.

Tulimpeleka uwanja wa ndege wa Jeddah, mimi, marehemu na mwanawe ambaye bado alikuwa anaangalia nyuma kwa hofu. Marehemu alikuwa ameujaza mkoba wa binti halua mpaka zipu ikagoma. Binti alitaka kupiga magoti, akamwinua. "Yalla, usinilize mimi mbele za watu. Nenda kwa mamako. Halas." Kisha akalia yeye. Binti alimkuta mama yake hai, akamuuguza mwenyewe kwa miezi, na mama akamfia mikononi. Hilo ndilo lililokuwa mezani siku zile zote za biriani, kama kuna msomaji aliyedhani nasimulia mchezo.

Nilimuuliza marehemu, baada ya yote, kati ya wale watatu angependa ashinde nani. Nilitegemea angemtaja mchungaji, niandike kichwa cha habari. "Mwanangu, mimi sina kura," akasema. "Si huku, si Unguja, si huko kwenu. Sina ninayemtaka. Mimi nataka kila mmoja wao amwogope mwenziwe." Nilicheka. Nilidhani ni utani wake wa kawaida, mpaka uteuzi ulipopita. Tiketi ilimwangukia waziri wa zamani. Muda si mrefu marehemu akapata habari za mwanamke mwingine, wa pwani huyu, aliyekwama hapa Riyadh vilevile, huruji hapewi, watoto wake wanalelewa na majirani. Akawapigia watu wa mgombea mteule, walewale waliokula kwake. Wakamwambia mheshimiwa ana mambo mengi. Akawatafuta wale wawili. Mfanyabiashara alikuwa amerudi kwenye maduka yake, mchungaji kanisani kwake, na wote wawili walimwambia kwa heshima kwamba sasa hawana la kufanya. Na kweli hawakuwa nalo, maana kule ofisini hapakuwa na mtu tena wa kuwaogopa. Mgombea mteule akaenda kwenye uchaguzi mkuu, akashindwa. Mwanamke yule wa pwani yuko hapa Riyadh mpaka leo ninapoandika, na marehemu aliniulizia habari zake mara ya mwisho tulipozungumza.

Sisi tunaojiita wapenda uhuru tuna ugonjwa wetu. Tunapoteza kalamu kuwachambua hawa mabwana wa maadili, nani kasema nini kuhusu sketi, nani mbaya zaidi, kana kwamba tukimjua aliye nafuu mambo yatakuwa shwari. Bibi asiye na kura popote duniani aliliona jambo tusiloliona. Hakuwataka wawe wema. Alijua watu hawa wana kipindi kimoja kifupi cha kuwa na faida kwa mnyonge, nacho ni kile ambacho hakuna ajuaye nani atashinda. Ndiyo maana napinga kwa nguvu zangu zote hii minong'ono ya sasa kwamba safari hii chama kimpitishe mmoja bila kupingwa, eti kulinda umoja na adabu. Umoja wao utawapa adabu wao. Mwanamke wa pwani utampa nini?

Juzi, baada ya maziko, yule binti alinipigia simu kutoka nyumbani. Alilia kwanza, tukalia wote, kisha sauti yake ikakaza. Alisema kambi zote tatu zimeshamtafuta. Kila moja inamtaka apande jukwaani kwenye kisomo wanachomwandalia marehemu, aseme mheshimiwa wao ndiye aliyemrudisha kwa mama yake.

"Ukawajibu nini?" nikamuuliza.

"Nimewaambia nitapanda na yule ambaye atamleta huyo dada wa pwani nyumbani kwa watoto wake. Wa kwanza akasema atafuatilia. Basi nikampigia wa pili, nikamwambia vile wa kwanza amesema. Sijaongeza hata neno."

Wenye dada, wake na mabinti waliokwama huku, msimngoje mshindi apatikane mkampelekee shida zenu na shada la maua. Akishapatikana atakuwa na mambo mengi. Pigeni simu leo, wakiwa bado watatu.